Tulivyosikiliza Ardhi Kule Mashuuru

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Wanjiru na Mutua wa kundi la vijana wa kanisa letu hapa Kitengela walinifuata mpaka nyumbani. Wanjiru amepata nafasi ya kusomea uhandisi wa nyuklia. Mutua amemwambia aikatae. Nikawawekea chai kama bibi yao, na kabla sijakaa Mutua akaanza.

"Shosho, wewe ulifanya kazi na hao watu wa nyuklia mpaka ukastaafu. Mtambo uko wapi? Mimi naona ni story tu."

Nilimjibu kwamba kazi ni ya kweli, na kwamba mtambo haujajengwa kwa sababu watu wenye akili hawaanzi nyumba kwa paa. Hilo lilikuwa jibu fupi. Jibu refu lilinijia baada ya wao kuondoka, na ndilo hili. Nawaandikia hao wawili, na ninyi wengine mnaofikiria kuingia kwenye kazi hii.

Mimi nilianza kama fundi wa umeme. Nilijua waya, betri na paneli za sola, basi. Wakati serikali ilipoanza kufikiria kuzalisha umeme wa nyuklia, nilidhani kitu cha kwanza kitakuwa kununua mitambo mikubwa. Kumbe cha kwanza ni maswali. Maji yatatoka wapi? Watu wanaishi wapi? Upepo unavuma kuelekea wapi? Na ardhi yenyewe imetulia kiasi gani? Shirika la kimataifa linalosimamia matumizi ya amani ya nyuklia liko na miongozo ya mambo hayo yote, na nchi zilizotangulia huwatuma wataalamu wao kuwafundisha wanaokuja nyuma. Hivyo ndivyo tulivyompata Bwana Han kutoka Korea, na hivyo ndivyo mimi, mtoto wa mkulima wa Machakos, nilivyojikuta nikichimba mashimo Kajiado na kuzika ndani yake mashine za kupima mitetemo.

Mtauliza kwa nini Kajiado, na hakuna mtu aliyewahi kupanga kujenga mtambo huku. Ni kwa sababu Bonde la Ufa liko hapa mlangoni, na huko ndiko ardhi yetu husogea zaidi. Popote utakapoweka mtambo katika nchi hii, lazima ujue tabia ya lile bonde.

Han alikuwa mwembamba, mpole, na alipenda maharagwe kuliko Mkamba yeyote ninayemjua. Siku ya kwanza nilimuuliza anieleze mtambo wa nyuklia ni nini hasa. Akaonyesha sufuria ya mama wa hoteli tuliyokuwa tumekaa. "Ni hiyo," akasema. "Inachemsha maji, mvuke unazungusha jenereta. Shida yote iko kwenye moto. Ni moto ambao huwezi kuumwagia maji ukazima ukaenda nyumbani." Nimesikia mihadhara mingi baada ya hapo na hakuna uliopita maneno yale.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Kona Baridi. Pale upepo hauna adabu. Mashine ilikuwa ikiandika mitetemo hata ardhi ikiwa imelala, mpaka tukajifunza kuchimba chini zaidi, kujengea zege, na kuweka nguzo ya sola mbali na shimo ili isitikise mashine ikipigwa na upepo. Halafu kukaja jambo la kushangaza. Kila asubuhi, wakati ule ule, kituo kiliandika mtikisiko mkubwa ambao hakuna mtu aliyeuhisi. Vijana wa ofisini Nairobi walikuwa wameanza kuuandikia ripoti. Han akaniambia tuchukue gari twende tukaone kwa macho. Tulikaa kwenye majani tukangoja. Jua lilipopanda kidogo, ng'ombe mmoja mwekundu akatoka kwenye kundi, akaruka ua wetu kama mtu anayejua njia, akajikuna mgongo kwenye kifuniko cha shimo kwa raha zake zote. Han alicheka mpaka akashindwa kusimama. Tuliinua ua, na ripoti ya vijana ikaishia hapo.

Chukueni hiyo kama somo la kwanza. Kabla ya kuita profesa, nendeni mkaangalie.

La pili linahusu hapa kwetu Kitengela. Machimbo ya mawe yakipiga baruti, vituo vyote vinasikia, na mgeni wa kazi anaweza kudhani ni tetemeko. Angalia mwanzo wa mstari ambao mashine imechora. Baruti husukuma ardhi kwenda nje pande zote, kwa hivyo kila kituo kinaanza na mstari unaopanda. Tetemeko la kweli husukuma upande mmoja na kuvuta upande mwingine, kwa hivyo vituo vingine vitapanda na vingine vitashuka. Na kama bado una shaka, kumbuka kwamba baruti huenda kula chakula cha mchana kama watu wengine. Tetemeko haliendi.

Kituo cha pili tulikiweka Mashuuru, kwenye ardhi ya Yeyo Nasieku; yeyo ni mama kwa Kimaa, lugha ya Wamasai. Alikuwa mjane wa makamo, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, na hata wazee walimngoja amalize kufikiri. Alitupa mahali baada ya kuuliza kama shimo litazuia mifugo kupita.

Lakini vituo viwili havitoshi. Nieleze kwa urahisi. Tetemeko likitokea, linatuma wimbi la haraka na nyuma yake wimbi zito linalotembea polepole, kama vile radi unavyoiona kwanza halafu ngurumo ndiyo inafuata. Ukipima nafasi kati ya hayo mawili, unajua tetemeko liko mbali kiasi gani. Hujui liko upande gani. Kwa hivyo unachora kwenye ramani duara la umbali huo kuzunguka kituo chako. Ukiwa na kituo cha pili, maduara yanakutana mahali pawili, na bado hujui ni wapi kati ya hapo. Unahitaji cha tatu, na kwa upande wetu cha tatu kilipaswa kuwa kusini, ng'ambo ya Namanga, Longido. Yaani Tanzania.

Kuchimba shimo Longido kulichukua asubuhi moja. Kukubaliana kati ya serikali mbili kwamba data ya kule itafika huku, na ya huku itafika kule, kulichukua muda mrefu kuliko mashimo yote niliyowahi kuchimba. Kila upande ulikuwa na mtu anayeuliza, kwani hao wanataka kujua nini juu ya ardhi yetu? Han alikuwa akituambia kwamba hata nchi zenye mitambo mingi haziwezi kujua usalama wao peke yao, kwa sababu ardhi haijui mpaka. Mwishowe wakasaini, na Tanzania wakatupatia Mrisho.

Mrisho alikuwa fundi kama mimi, mtu wa Tanga, na Kiswahili changu kilimuumiza. Siku ya kwanza nilimwambia, "Mashine iko na shida."

"Ina shida, dada," akasema. "Haiko na shida. Shida si mwenzake wa safari."

Na yeye alikuwa na adabu mpaka kazi inachelewa. Alikuwa akisema, "Dada, samahani, naomba unisaidie bisibisi, tafadhali," na kabla hajamaliza nilikuwa nimeshakaza skrubu kwa sarafu. Tulizoeana hivyo. Yeye alinirekebisha lugha, mimi nilimharakisha, na data ikawa inavuka mpaka kila siku bila pasipoti.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lingetushinda.

Asubuhi moja kituo cha Mashuuru kilinyamaza. Tulidhani ni betri. Tulipofika tukakuta shimo limefunikwa vizuri na paneli haipo. Yeyo Nasieku alitoka nje ya boma lake. Nikamsalimia, "Takwenya," akaitikia, "Iko," lakini hakunipa mkono.

"Hatujaivunja," akasema. "Paneli iko ndani kwangu, imefunikwa na ngozi. Tumeifunga mdomo mpaka mtuambie ni nini."

Akanisikilizisha sauti iliyokuwa ikizunguka kwenye simu za watu. Mtu asiyejulikana alikuwa akisema kwamba serikali na wageni wanazika uchafu wa nyuklia Kajiado, kwamba ng'ombe watazaa ndama wasio na miguu, na kwamba mashimo yameshachimbwa. Mashimo kweli yalikuwa yamechimbwa. Tulikuwa tumeyachimba sisi.

Chifu aliitisha baraza kwenye uwanja wa shule. Mkubwa wetu alikuja kutoka Nairobi na suti. Mrisho alivuka kutoka Longido bila kuitwa, kwa sababu alijua kituo chake peke yake hakina maana. Wazee walikaa mbele, akina mama upande, vijana wakasimama nyuma na fimbo zao. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri Kiingereza cha Han kwenda Kiswahili, na msaidizi wa chifu atoe Kiswahili changu kwenda Kimaa.

Mkubwa wetu alifungua. Akasema hakuna hatari hata kidogo, nyuklia ni salama kabisa, dunia nzima inatumia, wananchi wasisikilize uvumi. Niliona watu wakitazama chini.

Yeyo Nasieku akasimama. "Mimi nataka kusikia mtu ambaye ameishi karibu na hicho kitu. Huyu mgeni nyumbani kwao ni wapi?"

Han akasimama. Aliongea polepole ili nimfuate. Akasema kwanza kwamba mashine iliyo kwenye shimo la Mashuuru haina nyuklia ndani yake, inasikiliza tu, na aliye na shaka aje aifungue kwa mikono yake. Halafu akasema kwamba ukikaa kwenye veranda ya mama yake unaona mtambo. Kijiji kilipata barabara, hospitali na kazi, na yeye mwenyewe alisomeshwa na pesa hizo. Pia kijiji kiligawanyika. Wajomba wake wawili waliacha kula pamoja kwa sababu ya mtambo ule, na mmoja akafariki kabla hawajapatana. Akaendelea kwamba makaa ya nyuklia yakishatumika hubaki na madhara kwa muda mrefu kuliko maisha ya wajukuu. Huwekwa kwenye maji, baadaye kwenye mapipa mazito ya chuma na zege, na kulindwa. "Mahali pa kuyaweka daima," akasema, "nchi yangu bado haijakubaliana. Kuna nchi zimechimba ndani sana ya mwamba, na sisi tunajifunza kwao."

Mkubwa wetu akaniinamia. "Hiyo ya mwisho iache. Sema tu inahifadhiwa salama."

Nilikuwa na watoto shuleni na yeye ndiye alikuwa akisaini kila kitu changu. Lakini mwalimu wa shule ile alikuwa amekaa hatua chache mbele yangu, na uso wake ulionyesha kwamba alikuwa ameelewa kila neno la Han. Kama ningeacha kitu, ningeshikwa mchana kweupe. Na hata kama mwalimu yule asingekuwepo, mama huyu alikuwa ameuliza swali la kweli. Nikatafsiri yote. Msaidizi wa chifu akaangalia mkubwa wetu, akaniangalia mimi, halafu naye akatoa yote kwa Kimaa.

Yeyo Nasieku alikuwa bado amesimama.

"Huyu amesema kitu ambacho hakimpendezi," akasema. "Kwa hivyo nitasikiliza na kile kinachompendeza."

Wazee walizungumza hadi jua likapinda. Uamuzi ulikuwa kwamba mashine irudishwe, lakini kila baada ya mvua tuje kueleza hapo hapo uwanjani kile ambacho ardhi imesema, na shimo lingine lolote liombwe upya. Mkubwa wetu hakunisemesha kwenye gari mpaka tulipofika Isinya. Hapo akaniuliza kama nimekula. Nikajua kazi bado niko nayo.

Mngedhani yameisha. Mvua ndefu zilizofuata, siku moja kabla ya saa sita, nilikuwa hapa Kitengela sokoni nikichagua nyanya, zikaanza kujiviringisha zenyewe. Mabati yakalia. Watu walitoka kwenye maduka wakasimama barabarani wakitazamana. Lilipita haraka. Lakini Mashuuru ukuta wa darasa moja ulipasuka kutoka juu hadi chini. Watoto walikuwa wametoka mbio na hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu mpaka leo.

Simu yangu ikalia. Alikuwa chifu. "Mama Kioko, kuna sauti nyingine kwenye simu. Inasema shimo la nyuklia ndilo limepasua ardhi. Vijana wako njiani kung'oa mashine. Yeyo Nasieku amesimama mlangoni kwake anawazuia, lakini hatawazuia mpaka jioni."

Niliacha nyanya. Nikampigia Han Nairobi, naye alikuwa tayari anaangalia vituo viwili. Maduara yalikuwa yamekutana mahali pawili, upande wa Magadi na upande wa Machakos. Hatungeenda mbele ya watu wenye hasira na kusema ni huku ama ni kule. Nikampigia Mrisho. Mtandao ulikuwa umekatika kituoni kwake, kwa hivyo alikuwa amechukua kumbukumbu ya mashine na kupanda mlima mpaka mahali simu inashika. Siku hiyo hakusema naomba.

"Natuma. Pokea," akasema, na akakata.

Duara lake lilipita moja kwa moja juu ya ile alama ya Magadi. Kule Machakos halikukaribia.

Nilipofika Mashuuru na Han, vijana walikuwa wamejaa mbele ya boma. Hatukuhubiri. Han aliomba kamba na vijiti. Tulipiga vijiti vitatu kwenye vumbi, Kona Baridi hapa, Mashuuru hapa, Longido kwa Mrisho pale, tukafunga kamba kwa kipimo cha umbali wa tetemeko kutoka kila kituo, nikachora maduara kwa ncha ya fimbo ya kijana mmoja aliyeniazima huku amenuna. Wote wakaona mahali yanapokutana.

"Hii ni Magadi," nikasema. "Limetoka huko. Kama hamniamini, kuna mtu hapa ana ndugu Magadi? Muulizeni kama huko halikuwa kali kuliko hapa."

Yeyo Nasieku alikuwa na dada yake aliyeolewa karibu na Magadi. Alitoa simu kwenye shuka, akapiga, akaweka sauti kubwa wote wasikie. Sikuelewa Kimaa chote, lakini nilisikia dada yule akiongea bila kupumua, na vijana wakaanza kutazamana. Vyombo vyote vilikuwa vimeanguka kutoka kwenye rafu. Duka la jirani lilikuwa limepoteza ukuta. Walikuwa bado wamekaa nje, wakiogopa kuingia.

Kijana mwenye fimbo akaniuliza, sasa kwa sauti ya kawaida, "Na huyo mtu wa Longido alijuaje?"

"Hakujua," nikamjibu. "Hakuna hata mmoja wetu aliyejua peke yake."

Akachuchumaa akayatazama maduara. Wenzake nao wakaja. Mmoja akataka kuonyeshwa tena, kwa mkono wake mwenyewe. Han aliwapeleka baadaye kwenye darasa lililopasuka, akawaonyesha kwamba ukuta ule ulikuwa umejengwa bila mshipi wa zege juu. Ulipojengwa upya, mshipi uliwekwa, na wazazi ndio waliosimama kuhakikisha.

Basi Mutua, hiyo ndiyo story. Wenzangu waliobaki kazini wanapokea data kutoka Longido mpaka leo. Mrisho ameshastaafu, na akinipigia simu bado ananirekebisha. Han amerudi kwao, anaishi karibu na mama yake. Uamuzi wa kujenga bado uko mbele, na huenda atakayeufanyia hesabu ni wewe, Wanjiru. Nenda. Mnahitajika watu wanaojua hesabu na wanaoweza kukaa kwenye baraza bila kuangalia saa.

Kabla sijastaafu, wataalamu kutoka nchi kadhaa walikuja kukagua kazi yetu, kama ilivyo kawaida kabla nchi haijaendelea na hatua nyingine. Walipitia vituo vyote kwa ukali, na wakaikubali. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja wa Hungary, mwenye mvi na viatu vizuri vya kutembea. Mashuuru aliomba kuongea na mwenye ardhi. Nikatafsiri.

"Muulize," akasema, "kama sasa amekubali nyuklia."

Yeyo Nasieku alifikiri, kama kawaida yake, na sote tukangoja.

"Sijakubali," akasema. "Nimekubali kuendelea kuulizwa."

Yule mama wa Hungary aliniomba nirudie ili asikose neno. Nilipomaliza, Yeyo Nasieku alikuwa ameshatuacha pale, akielekea nyumbani kuangalia kama chai ya wageni imeiva.